Supu ya Kufunga Breki

Jumatatu, 3 Machi 2025
Dada yangu Penina ana uvimbe kwenye titi. Alhamisi anakwenda hospitali, Karatu, akatwe kinyama kidogo cha kupimwa. Ukoo mzima una hofu, isipokuwa mimi. Mimi nina akili, tena ni kamanda wa mgambo.

Shemeji Clemensi, mume wake, mwalimu wa baiolojia, ametuhutubia kwenye chai. Eti seli hupokea amri ya kukua, na ndani yake kuna protini za kuizuia amri isizidi, kama breki. Breki ikiharibika, seli zinaongezeka ovyo, ndiyo saratani. Nikauliza hizo protini zinapatikana wapi. Akasema seli hujitengenezea zenyewe. Uongo! Protini ziko kwenye nyama, hata mtoto wa darasa la nne anajua.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua mifupa ya mbuzi. Pale sokoni nikamkuta Supeet, mzee wa Kimaasai kutoka Arash anayeuza dawa za miti. Nikaomba gome kali kuliko yote. Akanipa okiloriti, akanionya kwamba morani huchemsha supu yake porini ili damu ichemke na woga uwatoke. Sikumsikiliza. Dawa kali ni dawa kali.

Jumatano, 5 Machi
Penina amemaliza bakuli tatu za supu yangu. Alisema anakunywa kwa ajili yangu tu, maana tangu mama afariki tumebaki wawili. Nikatoka nje kufuta macho. Moshi.

Alasiri akashika jembe, akalima shamba lake na kipande cha jirani, kisha akanifokea kwa mambo ya mwaka 1998. Nguvu hizo!

Alhamisi, 6 Machi
Aibu. Moyo wa Penina unakwenda mbio, presha iko juu. Daktari ameahirisha kipimo hadi Jumatatu, akauliza mgonjwa amekunywa nini. Wote wakanigeukia. Nikatazama dari. Clemensi akawaambia wauguzi kwamba nilitaka kufunga breki, nikakanyaga mafuta. Walicheka. Hata Penina!

Jumatano, 26 Machi
Majibu yametoka. Ni saratani, lakini imewahiwa. Penina alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Niliogopa, nasema kweli. Daktari akaeleza kwamba seli zake zina vipokezi vya amri vingi kupita kiasi, na ipo dawa ya kuvizuia. Anapelekwa hospitali ya rufaa. Kisha daktari akaniapisha, mimi peke yangu: hakuna supu.

Nimeapa. Supu ilikuwa kosa, nakubali. Kosa la Supeet. Lakini daktari mwenyewe kathibitisha kwamba seli zinapokea amri! Sasa, hapa kijijini Qurus, nani ameamrisha mgambo miaka kumi na minne? Kesho naazima kipaza sauti cha kanisani, hizo seli zinisikie.