Kitabu Chenye Mabati

Wananchi wote wa Kisumu na ufukwe wa ziwa mnajulishwa kwamba, kuanzia mwaka huu wa 1972, hakuna mtoto wa chini ya miaka saba atakayeingia darasa jipya kabla ya kusoma kitabu kinachoeleza jinsi darasa linavyojengwa.

Tangazo hilo lilitiwa sahihi na Bwana Walter Amolo, Mwenyekiti wa Kamati ya Kutafuta Vitabu vya Ujenzi kwa Watoto Wadogo, na mtu yeyote mwenye akili aliona busara yake. Watoto wa chekechea wa Kibuye walikuwa wakisomea nyuma ya soko, kwenye kivuli cha lori bovu. Serikali ilikuwa imeleta simiti na mabati ya kuwajengea. Lakini mtoto asiyejua msingi ni nini si anaweza kuukanyaga bila heshima? Bwana Amolo akaamua vifaa vingoje kitabu.

Nusu ya vifaa ilingoja katika stoo ya ofisi. Nusu nyingine ilingoja Kombewa, nyumbani kwake, na kwa kuwa simiti ikikaa bure huganda ovyo, yeye aliiwahi akaigandisha kwa mpango: vyumba vitatu na veranda. Ilibaki sakafu na plasta, na simiti ya kazi hiyo ndiyo ile ya stoo. Kitabu kikikosekana mpaka Krismasi, mkewe Seline angeaga nyumba yao ya udongo kabisa. Kwa hiyo Bwana Amolo alikitafuta kitabu kwa uangalifu mkubwa, asije akakipata.

Kamati ilikuwa na watu wawili. Wa pili alikuwa katibu, Mwalimu Metrine, mwenye kuwafundisha wale watoto wa lori. Aliteuliwa kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri na mdomo wake, walivyodhani, mdogo.

Metrine alileta kitabu cha kwanza, cha Wazungu wa misheni. Mwenyekiti akakifungua.

"Hii nyumba inatoa moshi kwa kichwa," akasema. "Serikali haiwezi kufundisha nyumba kuvuta sigara. Imekataliwa."

Cha pili kilikuwa na nyumba ya barafu.

"Hapa Kisumu hii itakuwa uji kabla kengele ya saa nne. Imekataliwa."

Cha tatu kilitoka kwa muuza vitabu vikuukuu wa Kibuye, nacho kilikuwa tarakimu tupu. Mwenyekiti alikijaribu mwenyewe, kisayansi, akaamshwa ukurasa wa pili. Kikakataliwa kwa sababu za kiafya.

"Basi Mzee, tuandike yetu," akasema Metrine.

"Mwalimu, kuandika kitabu ni kazi ya miaka."

"Ndiyo, Mzee."

Bwana Amolo akaupenda sana ule mdomo mdogo.

Mkutano uliofuata Metrine alikuja na mchoraji, Wepukhulu, mtu wa kuandika mabango ya maduka. Aliwahi kuchora kuku kwenye ukuta wa hoteli moja, wateja wakawa wanaagiza paja la yule yule.

"Karatasi mimi siwezi, Mzee," Wepukhulu akasema. "Inakunjika, inapeperuka. Nipe ukuta. Na kitu sijaona sichori. Ukitaka picha ya msingi, nionyeshe msingi."

Wakati huo Mwenyekiti alikuwa anachora madirisha ya Kombewa pembeni mwa ajenda.

"Mchoraji apewe kila kitu ambacho kitabu kinahitaji," akasema, akatia sahihi, kisha akaondoka kwa ziara ya utafiti ya wiki tatu. Utafiti ulifanyikia kwenye veranda yake.

Aliporudi alikuta stoo imefagiliwa. Nyuma ya soko kitabu kilikuwa kimesimama, kuta nne, juu mabati yanang'aa. Mama wauza samaki walikuwa wamebeba mawe, baba za watoto wamechanganya kokoto, na Wepukhulu alichora kila hatua pale pale ilipofanyika. Ukurasa wa kwanza ulikuwa karibu na mlango: mtu anachimba. Watoto walipitisha vidole ukutani wakisoma, "Jiwe. Mchanga. Maji."

"Mwalimu," Bwana Amolo akasema polepole, "hii ni darasa."

"Hapana, Mzee. Darasa ingekuwa imevunja tangazo lako. Hii ni kitabu. Ona, ukurasa ya tano iko hapo kwa dirisha."

Alitaka kibomolewe siku hiyo hiyo, lakini kuharibu kitabu cha serikali ni kosa, na kabla hajapata jina zuri la kosa hilo, Mkuu wa Idara, Bwana Masinde, akafika kutoka Nairobi na faili kwapani. Akakisoma kitabu ukuta hadi ukuta. Akakisifu. Kisha akasoma faili.

"Amolo, hii imekula nusu tu ya simiti. Nusu ingine iko wapi?"

Bwana Amolo alitazama ziwa. Ziwa halikumsaidia.

"Ni nakala ya pili, Mzee," akasema.

"Iko wapi?"

"Kombewa."

"Twende tuisome."

Wakaenda kwa gari la idara, Metrine na Wepukhulu nyuma. Masinde akaizunguka ile nyumba, akapima veranda kwa hatua.

"Nakala kubwa. Lakini mbona sioni maandishi?"

"Mchoraji amekuja na rangi, Mzee," Metrine akajibu.

Masinde akampa Bwana Amolo mkono mbele ya majirani, akasema maofisa wengine hutoa hotuba, huyu ametoa kitabu cha vyumba vitatu. Majirani wakapiga makofi. Bwana Amolo naye akapiga, angefanyaje?

"Nani ataitunza?" Masinde akauliza.

"Mimi," Seline akasema kutoka jikoni. "Maji yote ya hiyo simiti nimebeba na kichwa."

Akapewa ufunguo na barua ya kazi, pamoja na ruhusa ya kulala humo kama mlinzi wa kitabu.

Jumamosi Bwana Amolo alifika na sanduku lake.

"Mama Dalmas, fungua," akamwita mkewe.

"Unatafuta nani, Baba?"

"Mimi ndiye mwandishi wa hii kitabu."

"Hongera. Tunafungua Jumatatu saa mbili."

Akakaa verandani, juu ya sanduku. Baada ya muda Seline akamhurumia, akamletea chai pale pale nje, maana ndani ya kitabu chai hairuhusiwi.