Malalamiko Dhidi ya Nzi wa Matunda wa Chuoni

Ndugu Mhariri,

Nyuma ya picha ya harusi yangu ya kwanza nimeficha bahasha ambayo hakuna aliyeisoma ila mimi. Nitaifikia, pumzi ikiruhusu. Nina miaka themanini na mbili, na daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Kwanza naomba nafasi nilalamikie nzi wa matunda.

Brightness, mjukuu wa dada yangu, anawachunguza nzi hao chuoni hapa Dodoma. Juzi aliniletea uji pamoja na habari ambazo mimi, mwalimu mstaafu wa baiolojia, nazipinga:

1. Kwamba nzi dume aweza kuwa na afya, akambembeleza jike kwa wimbo wa bawa lake, akampanda, na bado asizae. Ati jeni moja imeharibika, protini yake haitengenezwi, na mbegu zinashindwa kuogelea. Huku ni kumvunjia dume heshima mbele ya watoto.

2. Kwamba dume anayeshukiwa hupewa majike watatu wazima. Mayai ya wote yasipoanguliwa, kosa ni lake. Nilisema huenda ni bahati mbaya tu. Binti akacheka: "Babu, bahati mbaya gani hiyo ya kumfuata dume mmoja kwa wake watatu?" Sikumaliza uji.

3. Sisi mambo haya tuliyamaliza kwa kikao kimoja cha ukoo, bila darubini. Mke wangu Paulina alirudishwa kwao Busi kwa utasa, ng'ombe wa mahari wakarudi zizini kwetu, tukala nyama. Nikamwoa Lea, kisha Emilia. Nao wakaonekana tasa. Ukoo ulinionea huruma sana.

4. Utafiti huu ukiendelea, koo zote kutoka Kolo hadi Dodoma zitalazimika kurudia vikao vyao, ilhali wenyeviti tumekufa au tuko njiani. Naomba nzi waachiwe, chupa wanamofugwa zioshwe, na dume apewe kwanza mke wa nne.

Nawasalimu wachapaji wako, wauza magazeti wa stendi ya Kondoa, na Busi nzima, ambako nasikia Paulina hadi leo haruhusiwi kumpakata mtoto mchanga wa jirani.

Wako mtiifu kwa siku zilizosalia,
Mwl. Gerson Mazengo

N.B. Bahasha ni majibu ya hospitali ya mwaka 1974. Nilipimwa wiki tatu kabla ya kikao, na kikao nilikiitisha mimi. Tafadhali futa namba moja hadi nne, uchapishe hili tu, kwa herufi kubwa za kusomeka Busi: Paulina hakuwa na kosa. Mgumba ni mimi, na nilijua.