Vita vya Mraba wa Sentimita Kumi

Sogezeni viti, enyi nyote mliowahi kupiga magoti mbele ya printa mkiitazama inavyotafuna karatasi kama mbuzi aliyekata kamba. Nanyi mnaocheka nyamazeni, zamu yenu inakuja. Nawasimulia vita vilivyopiganwa sebuleni kwetu Jumamosi moja mchana kweupe, kati ya baba yangu, Mwenye Miwani Mbili, moja puani na moja kipajini, Mlinzi wa Trei, Bingwa wa Kusoma Maelekezo Baada ya Kuharibu, na ile mashine nyeupe aliyoifunika kitambaa cha kufuma kama mwali anayesubiri kutolewa nje.

Chanzo cha vita kilikuwa hariri. Bibi yetu, kabla hajatutoka, alimwachia dada kipande cha hariri ya buluu akisema: hiki ni cha siku utakayohitimu uuguzi. Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Mama ni fundi cherehani, hukata nguo kwa jicho tu huku akipiga soga. Lakini dada alikuwa amependa gauni lenye kola ya vipande vinavyopishana, kola ambayo hata jicho la mama lilikataa kuidhamini. Michoro ya kukatia ilikuwamo kwenye kompyuta, na pembeni mwa ukurasa wa kwanza palikuwa na mraba wa kupimia. Ukitoka na sentimita kumi kila upande, kata. Usipotoka hivyo, weka mkasi chini.

Baba akaivua mashine kitambaa chake, taratibu, kwa heshima zote. Akabonyeza. Ukurasa ukatoka, na mama akaushukia na tepu yake.

"Tisa na nukta nne."

"Si ni karibu na kumi?"

"Baba watoto, nikikata hivi mwanao atalivaa bila kupumua."

"Sherehe yenyewe saa mbili tu. Avumilie."

Dada hakucheka. Alikuwa ameikumbatia ile hariri kifuani. "Baba, cha pili hakipo. Na aliyekinunua hayupo."

Hapo moyo wa shujaa ukachomwa. Akasimama wima, akashusha miwani ya kipajini juu ya ile ya puani, akanguruma: "Sikilizeni, watu wa nyumba hii! Mimi niliyelizibua sinki la jikoni kwa mikono hii, mimi niliyeifufua pasi iliyokwisha kuzikwa kabatini, sitashindwa na kisanduku chenye vitufe vitano! Kola hiyo itatoka, au sili chakula cha mchana!"

"Ulishakula," mama akasema.

Basi akabonyeza tena, na skrini ndogo ya adui ikawaka ujumbe: karatasi hailingani, weka Leta. Leta, kwa asiyeijua, ni karatasi ya ng'ambo, fupi kuliko A4 yetu lakini pana zaidi kidogo. Mtu mwingine angeiambia mashine kwamba hapa kwetu tunatumia A4. Baba yangu si mtu mwingine. Alikwenda kuleta mkasi.

Laiti mngemwona! Rula mkononi, ncha ya ulimi nje, akizikata karatasi nzima nzima kichwa ili ziwe fupi kama adui alivyotaka, vipande vikidondoka miguuni pake kama majeruhi. Urefu ukakubali. Kisha akafika kwenye upana, akagundua jambo ambalo majemadari hugundua wakiwa wameshavuka mto: mkasi haujui kuongeza. Mwingine angerudi nyuma. Baba aliomba gundi. Akabandika vipande vilevile alivyokata, ubavuni mwa karatasi, akaulisha ule mkeka kwenye trei. Mashine ikavuta, ikakohoa, ikalia mlio ambao paka wa jirani bado anauota, ikanyamaza.

Mama akauchomoa ule uozo kwa vidole viwili, akauliza kwa upole kuliko upole wenyewe: "Kwani umeshawahi kuiambia printa karatasi yetu ni ipi?"

"Hairuhusiwi."

"Na nani?"

"Kaka. Siku aliponipa mashine hii alinitazama machoni akasema: usiguse mipangilio. Kauli ya kaka mkubwa haivunjwi."

Miaka yote hiyo, jamani! Mama akapiga simu mwenyewe, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Shikamoo kaka," baba akasema, sauti imesinyaa.

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona unaongea kama unadaiwa?"

"Kaka, naomba ruhusa ya kugusa mipangilio ya printa."

"Nani alikukataza?"

"Wewe."

"Mimi? Ah! Siku ile? Mdogo wangu, nilikukataza kwa sababu ulikuwa umeshika kikombe cha chai kimefurika, unainamia vitufe. Nikasema usiguse. Nilimaanisha mpaka unywe chai!"

Simu ilicheka, mama akacheka, dada akacheka mpaka hariri ikamponyoka. Shujaa pekee hakucheka. Alikwenda kunawa mikono, akaifuta kwa taulo safi, akarudi, na kwa kidole kimoja akafungua mipangilio iliyokatazwa. Ukubwa wa karatasi: A4. Kwenye kompyuta, palipoandikwa tosheza ukurasa, amri iliyokuwa ikiupunguza mchoro, akaondoa alama. Akachagua ukubwa halisi, asilimia mia. Akabonyeza. Akafumba macho.

Mama akapima juu. Akapima ubavuni. Akarudia, maana anamjua mumewe.

"Kumi," akasema. "Kumi kila upande."

Jioni ile mkasi wa mama ulipita kwenye hariri ya bibi bila kusita hata mara moja, na dada akalala mapema kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Na iandikwe basi, wajue watakaozaliwa na printa zao: Jumatatu, dada alipoitwa jukwaani, kola imekaa shingoni kama imeota pale, ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi kwa muuguzi mpya. Baba naye alisimama, macho yamelowa nyuma ya miwani zote mbili, akamwinamia jirani yake asiyemjua, akamnong'oneza: "Asilimia mia." Kisha akainua mkono, akayapokea makofi yale kwa unyenyekevu.

Hatukumsahihisha. Makofi yalitosha kugawana.