Ndege Iliyoganda Mkononi Mwangu Ukweni

Leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima wa mke wangu, pasta akiwepo. Niko saiba, kwa kompyuta za kulipia, hapa Bungoma mjini nawaandikia nyinyi tuliosoma pamoja, kwa sababu mtaisikia tu kwa mtu mwingine, na huyo mtu atatia chumvi. Chumvi haihitajiki.

Nianze na ndege. Mnajua nina kibanda cha kutengeneza redio pale Kibomet, Kitale. Mteja wangu mmoja aliyekuwa akihama aliniachia boksi kama asante. Ndani kulikuwa na vipande vya plastiki, vingine vidogo kama mbegu ya mchicha, vya kuunganisha ndege ya kivita. Ikikamilika inalala kwenye kiganja. Mara moja nikamkumbuka baba mkwe. Ujana wake wote Mzee alikuwa makanika wa ndege za kivita, kabla hajastaafu na kurudi Kabuchai kulima miwa.

Sasa, huyu Mzee. Tangu nimwoe Nafula ni miaka minne, na hajawahi kunisemesha zaidi ya salamu. Nafika, ananyoosha mkono, anasema "karibu," anageukia redio yake. Nilijua sababu (nilidhani najua). Nani anataka binti yake aolewe na Mkikuyu wa Kitale anayeshinda na waya mdomoni? Halafu mtoto wa jicho akamzidi, akaacha hata kwenda kanisani. Juzi juzi akafanyiwa upasuaji, bandeji ikatolewa, akaona. Leo ndiyo yalikuwa maombi ya kushukuru, na mimi nikaona hapa ndipo pa kuingilia.

Wiki tatu nilikaa na hiyo ndege. Nilipiga msasa, nikagandisha mabawa, nikapaka kijani na kahawia kwa mabaka kama ya jeshi. Brashi yangu ilikuwa nene, nikaazima ya Nafula ya wanja (Nafula, kama unasoma, niliiosha). Kuna na vile vibandiko vya namba unavyolowesha kwenye maji ndipo viteleze mahali pake. Kimoja kilipotea. Nilihudumia wateja asubuhi nzima, kisha mama wa mboga akaniuliza kwa nini nina namba kwenye paji la uso.

Lakini ilitokea nzuri, bana. Niliiweka kwenye boksi la viatu, nikaizungushia sponji, nikatia na kichupa cha gundi kali, ile inayokauka kabla hujafikiri. Ati kwa dharura.

Nafula alikuwa ametangulia jana kusaidia kupika, kwa hivyo leo nilisafiri peke yangu. Niliposhuka Chwele nikapanda baiskeli ya bodaboda mpaka karibu na boma. Njia ile ina mashimo yenye majina. Tulipofika kwenye kona ya mwisho nikafungua boksi nihakikishe. Mguu mmoja wa ndege, ule wenye gurudumu, umekatika.

"Simama hapa kidogo," nikamwambia mwenye baiskeli. "Nitengeneze."

"Si ungoje ufike, ukae kwa meza?"

"Mimi ni fundi," nikasema. (Kumbukeni maneno hayo.)

Nikashika ndege kwa mkono wa kulia, nikafungua gundi kwa meno. Kichupa kikakohoa. Gundi ikamwagika tumboni mwa ndege, ikashuka kwenye kidole gumba na viwili vinavyofuata. Nikaubandika mguu sawasawa, nikahesabu mpaka kumi, nikataka kuachilia. Haiachiliki. Nikavuta. Bawa likalia kama mlango. Nikaacha kuvuta.

Mwenye baiskeli aliangalia mkono, akaniangalia mimi. "Fundi," akasema, "nikuache?"

Kutoka nyumbani kwa wakwe zikaanza kusikika nyimbo. Maombi yameanza. Nikachukua koti nililokuwa nimelitupia begani, nikalitundika juu ya mkono kama mtu anayeona joto, nikaingia. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, chini ya turubai. Mbele nilimwona Mzee na miwani nyeusi, amekaa wima kama gwaride.

Mjomba wa Nafula akaja kunisalimia. Nikampa mkono wa kushoto. Kwetu na kwao, hilo ni tusi.

"Huo mwingine una nini?" akauliza.

Ningesema ukweli pale, tungecheka wawili tukamaliza. Badala yake nikasema, "Umekufa ganzi, Mjomba. Tangu asubuhi."

Uso ukambadilika. "Wote?"

"Wote."

Mjomba ni mtu wa huruma sana. Alienda moja kwa moja kwa pasta, akamnong'oneza. Wimbo ukakatwa katikati.

"Bwana asifiwe," pasta akasema. "Tumekuja kushukuru kwa macho ya Mzee. Lakini naambiwa mkwe wetu kutoka Kitale amefika hapa mkono wake umekufa. Mungu aliyefungua macho hawezi kushindwa na mkono. Mkwe, njoo mbele."

Nikasema niko sawa. Akina mama wakasema, "Nenda, usiogope." Nikasukumwa kwa upendo mpaka mbele. Nafula alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sufuria, macho yamemtoka. Alijua asubuhi sikuwa na ganzi, tulikuwa tumeongea kwa simu.

Pasta akaweka kiganja juu ya koti. Akaomba. Akaomba kwa nguvu. Jasho likanitoka, yeye akadhani ni upako. Kisha akasema kwa sauti ya kumaliza kazi, "Nyoosha mkono wako," na yeye mwenyewe akalivuta koti.

Nikanyoosha. Nifanye nini tena?

Ndege ya kivita ikatokea mbele ya watu sitini, imeelekeza pua kwa pasta. Pasta akarudi nyuma hatua moja. Mahali fulani kuku akasema neno.

"Hiyo," mjomba akauliza polepole, "ndiyo ganzi?"

"Ni gundi," nikasema. "Nilidanganya. Ilikuwa zawadi ya Mzee."

Hapo Mzee akainuka. Akavua ile miwani, akaja mpaka karibu, akaukamata mkono wangu chini ya kifundo, akauinua kwenye mwanga. Aliigeuza ndege pamoja na mimi, kulia, kushoto, nikawa nazunguka nayo. Nikajua leo ndoa inavunjwa.

"Matangi ya mafuta umeyaweka kinyume," akasema. "Mapezi yanakaa nyuma. Hii ikiruka itaenda Uganda na rivasi."

Kisha akacheka. Jamani, sikuwahi kusikia Mzee akicheka. Alicheka mpaka akanishikilia asianguke. Nilipomtazama Nafula, sufuria alikuwa ameiweka chini na analia. Aliniambia baadaye kwamba tangu macho yaanze kupotea, kicheko hicho kilikuwa hakijasikika nyumbani kwao. Pasta naye, Mungu ambariki, akasema tumshukuru Bwana kwa jinsi alivyotaka mwenyewe, tuimbe.

Mzee hakumruhusu mtu mwingine anishughulikie. Tuliketi nyuma ya nyumba, mkono wangu kwenye karai. Mama mkwe kwa desturi hawezi kunikaribia, kwa hivyo alikaa nyuma ya ukuta wa jikoni akituma vitu kupitia Nafula: maji ya moto, sabuni, mafuta ya kupikia. Ushauri aliutuma mwenyewe kwa sauti.

"Mwambie asivute!"

"Havuti, Mama."

Mzee alikuwa akipitisha mpini wa kijiko kati ya ngozi na plastiki, taratibu, kama anafungua saa. Vidole vyake vilijua kazi. Alinieleza jinsi walivyokuwa wakikagua matangi, na jinsi alivyowahi kusahau kitambaa ndani ya injini na kukirudia mbio. Nikajikuta nimesema, "Mzee, nilidhani hunipendi. Hujawahi kuongea na mimi."

Kijiko kikasimama.

"Nikuambie nini?" akasema. "Ulipokuja kuoa nilikuwa nimeanza kutoona, na sikutaka mtu ajue. Nilikuwa nasalimia sauti. Naogopa nikiendelea kuongea, nitaongea na mlango wewe ukiwa kwa dirisha." Akanitazama usoni kwa muda mrefu. "Leo ndiyo nakuona. Kumbe una masikio makubwa hivyo."

Nilicheka.

Kidole cha mwisho kilitoka baada ya saa nzima. Mabaka ya kijani yalibaki kwenye ngozi yangu, na alama ya kidole gumba changu imebaki tumboni mwa ndege. Nikasema nitairudisha Kitale niipake upya, nigeuze na matangi. Mzee akakataa. Ameiweka juu ya redio yake. Ameniambia nirudi Jumamosi na boksi lingine, na gundi niiache yeye ataishika.

Kwa hivyo chekeni, nimewaruhusu. Ila mkinikuta kwa wakwe nikisema mkono umekufa ganzi, tafadhali msimwite pasta.