Kuhusu Msaidizi Wangu Aliyeacha Kunitukana

Kamalondo, Lubumbashi
Jumapili, baada ya Misa

Kwa Bwana Mkurugenzi Anaclet,

Nakuandikia kwa sababu ya sauti moja ambayo haijanitoka masikioni juma zima: tk. Ni sauti ya kiti cha Simone Bwalya, msaidizi wangu katika darasa la mwaka wa kwanza, kikiwekwa chini taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayelaza yai juu ya saruji. Unamfahamu Simone. Tangu Septemba alikuwa akikibwaga kiti hicho mpaka vumbi la chaki linaamka. Nilipoisikia hiyo tk nilijua kwamba semina yako imefaulu, na kwamba mimi nimekwisha.

Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya: msaidizi wangu ameacha kunitukana.

Usije ukadhani nimechanganyikiwa. Siku yangu ya kwanza ya kazi nilisimama mbele ya darasa nikiwa na digrii ya ualimu kutoka chuo kikuu cha Kasapa, na bila sauti. Nilifungua kinywa, hakikutoka kitu. Watoto walinitazama, nami nikautazama mlango. Ndipo Simone, ambaye tulikuwa hatujajuana hata kwa salamu, akaniuliza kutoka nyuma mimi ni Chilufya wa ukoo gani. Nikanong'ona: Bena Isabi, ukoo wa Samaki. Yeye ni wa Bena Ng'andu, ukoo wa Mamba. Akapiga makofi: "Mama yangu! Chakula yenyewe imejileta!" Darasa likaanguka kwa kicheko, nami nikasikia mtu akijibu: "Weye mamba, funga kinywa, hewa ya mule inafika mpaka Likasi!" Mtu huyo alikuwa mimi.

Samaki na Mamba ni watani tangu mababu. Mtani hukutukana hata msibani, na anayenuna ndiye mwenye kosa. Kwa utani huo tulifundisha vizuri hadi siku Mzee Kapya, fundi cherehani wa nyuma ya ukuta wa shule, alipokuja kukuarifu kwamba mwalimu anatukanwa mbele ya watoto. Ukaitisha semina ya uhusiano mwema kati ya walimu na wasaidizi. Ukatubandikia bango la kanuni. Kisha, kwa kuwa hukutuamini, ukaandika kwamba kuanzia kesho Simone ahamie mwaka wa tano kwa Bwana Adalbert.

Naomba uyapime madhara.

1. Kanuni inasema kosa la mwenzako lisemwe faraghani, baada ya kutanguliza sifa mbili. Jumanne niliandika ubaoni kwamba saba na tano ni kumi na tatu. Zamani Simone angepiga kelele palepale: "Samaki, ulihesabu na mapezi?" nami ningefuta. Safari hii alinyamaza. Alingoja mapumziko, akanisifu mwandiko, akanisifu kitenge, ndipo akaniambia. Wakati huo watoto walikuwa wameshanakili kumi na tatu kwa mwandiko wao bora wa mwaka mzima. Mzee Kapya mwenyewe, mshtaki wetu, amenieleza kwamba mjukuu wake alimhesabia vifungo saba na vitano, kisha wote wawili wakapiga magoti chini ya cherehani kutafuta kifungo cha kumi na tatu. Anasema bado hajakata tamaa.

2. Kanuni inasema kila mmoja ampe mwenzake nafasi ya kwanza. Alhamisi tulikutana mlangoni. Nikasema, "Tangulia, Simone." Akasema, "Hapana, Madamu, ni weye." Nikasema haiwezekani. Akasema hataweza kulala. Tulipomaliza kuheshimiana, Hénoc alikuwa ameshakula chaki ya bluu, na wenzake walikuwa wamepanga mstari mzuri sana wakingoja zamu ya nyekundu.

3. Watoto, ambao humwita Simone Yaya, yaani dada mkubwa, wamepata hofu. Bénie, yule mdogo wa dawati la mbele, alinivuta sketi akaniuliza polepole: "Madamu, na Yaya Simone mulishaachana?" Nikamwambia hapana, sasa tunaheshimiana. Akatikisa kichwa kama mama mkwe: "Papa na mama pia balianza hivyo." Na katika sala ya kufunga siku, Fils, ambaye hajawahi kusali bila kusukumwa, alifumba macho akasema: "Yezu, saidia Madamu na Yaya Simone batukanane tena. Amina." Darasa zima likaitikia. Nami pia niliitikia, Bwana Mkurugenzi. Andika hilo katika faili langu.

4. Hili ni langu peke yangu, nalo ndilo linaloniuma. Mimi ni mtu wa mawazo. Nikiachwa kimya, najisahihisha mwenyewe, na mkono wangu ni mzito. Simone alipokuwa akiniita samaki mkavu wa sokoni, kila kosa langu lilikuwa na ukubwa wake: lilichekwa, likafutwa, tukaendelea. Sasa ananiambia, "Umefanya vizuri sana, Madamu," kwa sauti ya mtu aliyekuja kuona mgonjwa, nami nasikia chini yake makosa ambayo hata sijayafanya. Ijumaa nilifungua kinywa kufundisha herufi M, na sauti ikakawia tena. Ilirudi, lakini ilikawia. Ukimwondoa Simone kesho, sijui kama itarudi.

5. Bwana Adalbert ni mtu mwema kupita kiasi. Nimemsikia kwa masikio yangu akiuambia mlango "pole" baada ya kuugonga. Mamba atakula nini kwake?

Kwa sababu hizo naomba, kwa unyenyekevu, uhamisho ufutwe. Naomba pia Simone apewe amri ya maandishi ya kunitukana saa za kazi, yenye muhuri, asije akaona haya. Wala jambo hili lisiishie kwetu. Kila mwalimu wa mkoa wetu wa Haut-Katanga apangiwe msaidizi kwa kufuata ukoo: Samaki na Mamba, Uyoga na Mvua. Anayeomba kazi alete cheti cha ukoo kilichothibitishwa na wazee wake, na asiye na mtani asikabidhiwe darasa, maana ni hatari kwa watoto. Inspekta akija, asiulize maandalio ya somo. Akae nyuma asikilize matusi, na akikuta walimu wanaoambiana "mpendwa mwenzangu", aifunge shule mpaka wapone. Na yule bwana aliyetuendeshea semina atafutiwe mtani wa nguvu, amfuate hadi nyumbani kwake.

Nafunga hapa nikiwa bado mtumishi wako mtiifu, ingawa utiifu wenyewe umeanza kunichosha. Uwasalimie Mama wa nyumbani kwako, mlinzi wa geti, masista wa parokia na Mzee Kapya, ambaye simchukii. Mwambie vifungo viko kumi na viwili.

Syntiche Chilufya
Mwalimu wa mwaka wa kwanza

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nikaifungua tena. Jana jioni shangazi yangu Laurentine alifika kutoka Lukafu na karanga zake, nikamsomea barua hii ili anisifu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanieleza jambo ambalo Kasapa hawakunifundisha: kwa watu wa baba yangu, ukoo unapita kwa mama. Baba ni Samaki, hakuweza kunipa. Mama yangu naye ni wa Kabongo, na kwao ukoo unapita kwa baba. Kila upande ulidhani upande mwingine umenichukua. "Weye hauko samaki, mwanangu," akasema shangazi. "Weye uko maji tu."

Kwa hiyo mimi na Simone hatujawahi kuwa watani. Yote aliyoniambia tangu Septemba yalikuwa matusi matupu, na yangu pia. Mzee Kapya alikuwa na haki, semina ilikuwa na haki, na kwa cheti nilichokiomba hapo juu, mtu wa kwanza kufukuzwa ni mimi.

Leo Jumatatu nilimngoja Simone getini nikamwambia yote. Alitua mkoba wake chini. Kisha: "Basi myezi yote hii nilikuwa natukana muntu wa bure?" Nikasema ndiyo. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Ingia, muntu wa bure. Batoto banangoja."

Hakwenda mwaka wa tano. Nilimwambia Bwana Adalbert asimngojee, naye akanishukuru. Tulianza somo pamoja kengele ilipolia, watu wawili wasio na haki yoyote ya kutukanana, na tunatukanana.