Lourens Terblanche na Koleo Lililozama Blouklip

Sogeeni, enyi mlioshiba nanyi mnaoingoja nyama. Wekeni chini vikombe, wanyamazisheni mbwa, mketi mahali moshi usipowafuata, kwa maana nawasimulia jambo kuu lililotendeka katika maji ya Blouklip, shimo la machimbo ya mawe lililofurika nje kidogo ya mji wa Krugersdorp, jambo ambalo wajukuu wetu watalisikia wapende wasipende. Nawe kompresa ya klabu yetu ya wapiga mbizi, unayekohoa tangu alfajiri ukiwajazia mitungi ya hewa wenye akili na wasio nayo bila ubaguzi, nitie pumzi mimi Gideon, niimalize habari hii kabla shemeji yangu hajaanza kuisimulia mwenyewe.

Shemeji yangu ndiye shujaa. Jina lake Lourens Terblanche, Kifua-Kipana, Mnywa-Mitungi, mume wa dada yangu Annelie na baba wa binti yao Ilse. Mtungi wa hewa unaomtosha binadamu kulizunguka bwawa zima, yeye huufikisha nusu akiwa bado anarekebisha miwani. Alikuwa na neno moja lililomtia katika kila balaa, nalo ni "kidogo tu". Mwaka jana alishuka nami, akaliona bomba la shaba kwenye beseni kuukuu lililozama kule chini. Nikamwonyesha geji ya hewa, nikamwonyesha juu, naye akanijibu kwa vidole viwili vilivyokaribiana: kidogo tu. Mtungi wake ukakauka tukiwa mita ishirini chini, akapanda akivuta hewa yangu, macho yamemtoka na bomba mkononi. Mwezi uliofuata akamfanyia Annelie vivyo hivyo, naye akaapa mbele yetu sote kwamba hatashuka tena na mtu huyo. Tangu siku ile hakupatikana wa kumkubalia. Basi msidanganywe na wanaosema Lourens hupiga mbizi peke yake kwa ujasiri. Hupiga mbizi peke yake kwa sababu amekwisha kunywa hewa ya kila mtu.

Sasa sikieni chanzo cha vita. Jumapili moja, akiwa amesimama kwenye jukwaa linaloelea juu ya basi lililozamishwa kwa ajili ya wapiga mbizi, akilipunga koleo la kugeuzia nyama la marehemu baba yangu huku akitangaza ushujaa asiokuwa nao, koleo lilimponyoka likaenda chini. Kwetu mtu atakuazima gari lake, lakini koleo lake hakuazimi. Na nyama inayogeuzwa kwa uma, ikatobolewa mpaka ikamaliza mafuta, ni heri usiwaalike watu. Mama yangu, Hester, alichukua uma. Alimtazama tu, na Lourens akapungua palepale.

Jumapili iliyofuata shujaa alisimama tena juu ya jukwaa, amevaa suti nyeusi ya kuzamia, tumbo likipigana na zipu, akanena.

"Enyi watu wa Blouklip, leo nashuka peke yangu kulirudisha koleo. Mtungi umejaa, geji inasoma mia mbili na kumi. Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya mwisho ni ya shida, siigusi hata malaika akiniomba. Mshale ukifika mia na arobaini, nageuka, niwe nimepata au sijapata. Na hapa ubavuni ninao mtungi mdogo, askari wangu wa akiba."

"Huyo askari wako amekula?" aliuliza Mpho Sekgobela, mwangalizi wa kompresa.

Annelie aliinama, akaufungua mtungi mdogo, akaisoma geji yake.

"Baba Ilse, mbona hii iko nusu?"

"Jana nilipulizia makaa. Yalikuwa na unyevu."

"Hewa ya kukuokoa umepulizia moto?"

"Kidogo tu, mpenzi."

Mpho alicheka mpaka akaegemea nguzo. Annelie hakucheka hata chembe.

"Nenda kaujaze. Halafu unisikilize vizuri. Mama akila nyama ya uma hafi. Wewe ukiishiwa hewa huko chini, unakufa, na safari hii hakuna wa kumnyonya. Ukipanda umeigusa ile theluthi ya mwisho, vifaa vyote nauza, na hilo koleo usiniletee kama maua ya kuniomba radhi."

Hivyo jemadari wetu akaanza vita vyake kwa kupanga foleni kwenye kompresa. Mtungi mdogo ulipojaa, Annelie aliukagua tena, kisha maji yakamfunika shujaa, nasi tukabaki tunayatazama mapovu.

Yaliyotukia chini nimeyasikia mara nyingi kuliko nilivyotaka. Maji yalikuwa ya baridi na matope, kwani Lourens huogelea kama anayelima. Akalizunguka basi, akapapasa chini ya mlango, akaleta tope lote la shimo machoni pake, akangoja litulie huku akivuta hewa kwa pupa. Hatimaye akaliona: koleo la baba, limelala kwenye ukingo wa jiwe nyuma ya gurudumu la mwisho, liking'aa. Akaitazama geji. Mia na arobaini.

Hapo ndipo lilipomjia jeshi la adui, na adui mwenyewe ni neno lile lile. Kidogo tu. Mateke mawili, mkono mmoja, na aibu yote ingekwisha. Anasema aligeuka kushoto kwa mazoea, upande ambao siku zote palikuwa na mimi, au Annelie, na mpira wa kupumulia wa kunyakua. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na maji tu. Na Lourens, ambaye katika maisha yake hajawahi kuiacha hata soseji ya mwisho, akaogopa, akageuka.

Alipanda polepole, akangoja kwenye kamba chini ya jukwaa kama mpiga mbizi anavyotakiwa kabla ya kuibuka, akaibuka mikono mitupu.

"Liko wapi?" nilimuuliza.

"Nyuma ya gurudumu."

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Lilikuwa mbali?"

"Kama hapa na hilo boksi la barafu."

Sote tukaligeukia boksi la barafu. Lilikuwa karibu kiasi cha kuona haya.

"Kaka, hapo hata bibi yangu angefika," alisema Mpho, "na bibi yangu hajui kuogelea."

Nami nilicheka, sitaki kuficha. Nilicheka kwa moyo wote. Annelie ndiye aliyepiga magoti, akaishika geji, akaipangusa kwa kidole gumba, akaisoma, kisha akaipangusa tena akaisoma upya. Mshale ulikuwa umesimama mbali juu ya sabini, mpaka wa theluthi ya mwisho. Mtungi mdogo ulikuwa haujaguswa.

"Mpho," alisema bila kuinua kichwa, "Jumamosi unijazie mtungi wangu."

"Wa nini? Si uliapa?"

"Nashuka naye. Anajua lilipo."

Basi iandikwe, wasomewe watakaozaliwa, kwamba katika maji ya Blouklip Lourens Terblanche, Mnywa-Mitungi, alikiona alichokitaka, akakiacha, akarudi juu kwa hewa yake mwenyewe. Iandikwe pia kwamba mtu yule, asiyewahi kukosa hotuba, alikaa kwenye mbao za jukwaa na suti inayochuruzika, akafunika uso, akalia. Mama Hester alitoboa soseji kwa uma, ya kwanza kabisa kuiva, akampelekea yeye. Ilikuwa kavu kama kamba, naye akaila yote.