Flashi Niliyomkabidhi Mama Mkwe

Jamani, leo nimekwisha. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani hapa Majengo, na simu nimeitoa sauti.

Mnaijua ile kompyuta yangu ya nyumbani, ile ambayo umeme ukiyumba kidogo tu inazimia. Ndani yake kuna picha za harusi, picha za marehemu mama, vyeti, maisha yangu yote. Nikaona nitafute pa kuweka nakala kabla haijakata roho. Mke wangu Kabula akasema, "Weka mtandaoni." Kwa bando la nani? Diski ya nje nayo niliulizia bei, nikaaga dukani kwa adabu. Ikabaki flashi. Rafiki yangu mmoja mjuaji akanionya: "Usiiweke nyumba moja na kompyuta. Mwizi akija anabeba vyote."

Hapo akili yangu ikafanya kazi (bora ingelala). Nyumba salama ni ipi? Kwa wakwe zangu, Shanwe! Hawana kompyuta. Nani ataifungua?

Tena leo nilikuwa nimeitwa huko kwa jambo kubwa. Shemeji yangu Masanja anataka kuoa, na wazee walikuwa wanachagua mshenga. Niliutaka ule ushenga mpaka nikakosa usingizi. Wakwe zangu ni Wasukuma, watu wa ng'ombe na heshima, na tangu nioe wananiona mtu wa masihara tu. Kupewa kazi ya kuusemea ukoo ni kuambiwa kwamba sasa umekuwa mtu mzima.

Asubuhi nikanakili kila kitu. Sikuchagua. Tukapanda bajaji, mimi na Kabula, kifua mbele.

Sasa, kwao mama mkwe hashikwi mkono wala hasogelewi na mkwe wa kiume. Nikachuchumaa mbali, nikasalimia huku natazama chini. Flashi akaipeleka Kabula. "Mama, mtunzie mkweo, ni vitu vyake vya muhimu." Mama akaifunga kwenye pindo la kanga yake, na mimi nikashusha pumzi.

Tukala. Baba mkwe akasafisha koo. "Tumemwangalia huyu mkwe. Naona ametulia. Atatusemea."

Jamani! Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, moyoni narukaruka kama ndama.

Masanja kwa furaha akawasha sabufa lake jipya, akaliweka pale pembeni ya kigoda cha mama yake. Nyimbo hana. Mama mkwe, kwa upendo wake wote, akafungua pindo. "Chukua hii ya mkwilima wangu." (Mkwilima ndiye mimi, mkwe. Kwake flashi ni nyimbo. Na ni kweli, flashi zote alizowahi kuziona zilikuwa za nyimbo.)

Sabufa halisomi picha. Halisomi vyeti. Linatafuta sauti tu, na humo sauti zilikuwa za aina moja: zile ninazorekodi kuwachekesha nyie, ninapomwigiza mama mkwe.

"We Kabulaaa! Huyo mumeo anakula kama tumbo kaliazima! Nyama nilizihesabu mimi!"

Mpaka majirani wakageuka.

Mama mkwe akashika kifua. "Hee! Nani kanirekodi? Mbona haya sijayasema leo?"

(Leo! Kwa hiyo siku nyingine huwa anayasema. Lakini hapo si mahali pa kumbana.)

"Masanja, zima!" nikaita. Masanja yuko chini, anagaagaa kwa kicheko. Kabula kajifunika kanga uso mzima. Nikanyanyuka mwenyewe, nikapiga hatua kuelekea kwenye sabufa.

"Mkwe!" baba akanguruma. "Unakwenda wapi huko kwa mama yako?"

Nikakaa. Heshima ikanifunga pale kwenye mkeka, namsikiliza mama mkwe wa bandia akimsema mama mkwe wa kweli mbele yake. Nikaomba umeme ukatike. Siku zote unakatika, leo umekaa! Na mwishoni ikaingia sauti yangu halisi, safi kabisa: "Hapo vipi wanangu, nimempatia bibi?"

Halafu ikaanza ya pili. Ile ya anavyokoroma.

Baba mkwe hakuomba izimwe. Aliisikiliza hadi mwisho, ndipo akanigeukia. "Umemaliza?"

"Nisamehe baba."

"Kumbe kusemea watu unajua. Ila tutatafuta mwingine."

Nimerudi Majengo kwa miguu. Sikutaka kukutana na macho ya dereva yeyote. Kabula amebaki kumtuliza mama yake. Nimemwomba kwa simu anirudishie walau flashi, akaenda kuuliza, akarudi na jibu: "Mama kaifunga tena kwenye kanga. Anasema mjomba anafika kesho na treni, lazima naye asikie."

Naombeni msicheke. Na mnaoniuliza nakala itunzwe wapi, mpeni mtu mliyemkosea. Hataipoteza.